Kifungu cha Sita

Mkataba tuliuandika mgahawani Barani,
nyuma ya risiti ya mchele, kwa kalamu ya kuazima.
Meneja Tindo akausoma kama kadhi:
Kifungu cha kwanza, mkono kwa mkono kila Ijumaa
ufukweni, mpiga picha akiwapo.
Cha pili, Mbwarali anitungie nyimbo tatu za mahaba.
Cha tatu, nisikiri wala nisikanushe;
nikiulizwa, nitazame chini, nicheke.
Cha nne, ugomvi wa Rajabu. Cha tano, suluhu ya Idi.
Cha sita (hapo akapuliza chai yake)
kuachana jukwaani, tiketi mia tano.

Nikatia sahihi.
Mapenzi, kwa nijuavyo mimi,
hayajawahi kumlipia mtu umeme.

Malindi ikatumeza kama kaimati.
Muuza halua wa Shela akawa ananikatia ziada.
Shangazi yake Mbwarali akaniletea leso, doti nzima,
jina lake: *Utani wako, mwenzio kauweka sandukuni.*
Nikaivaa mchana kutwa bila kuisoma.

Lini hasa, sijui.
Labda ile Jumanne, wala si Ijumaa,
Maweni nzima giza, mpiga picha yuko harusini Mombasa,
akaja na pampu yangu ya pumu
niliyoisahau juu ya kinanda.
Alikuwa amekimbia. Kanzu imemganda mgongoni.
Hakuna aliyetuona.
Nikamwambia, "Leo si siku yetu."
"Najua," akasema, akakaa kizingitini
mpaka kifua changu kikanyamaza.

Baada ya hapo Ijumaa zikawa ngumu.
Mkono niliozoea kuushika kama mpini wa ndoo
nikawa sijui niushike wapi.
Mpiga picha akanung'unika:
"Mbona siku hizi mmekauka?
Zamani mlikuwa mkipendana vizuri."

Usiku wa kifungu cha sita watu walijaa hadi madirishani.
Nikamwimbia mafumbo ya pilipili na ndimu,
nikamwita mtungi wa ufa.
Akazima kinanda katikati ya ubeti, akatoka.
Wanawake walilia. Mmoja akanituza noti mbili,
akaninong'oneza: "Mwanangu, tangu mwanzo
nilimwona hakufai."
Nikalia na mimi. Hilo halikuwamo mkatabani.

Nikarudi nyumbani kwa mlango wa uani.
Mbwarali yuko jikoni, apasha samaki wa mchana,
miwani imejaa mvuke.
"Umenitukana vizuri," akasema. Kisha:
"Lakini mtungi wa ufa?"
"Nilikosa kina."

Huu mwaka wa pili. Mji mzima wajua tumeachana.
Cheti cha kadhi, wa kweli safari hii,
kimo kashani, kimekunjwa ndani ya leso ile
ambayo hatimaye niliisoma.
Tukipishana sokoni, kati ya nazi na ndizi,
kuna wanaonivuta mkono: "Yule pale, bado wamtaka?"
Nami natazama chini, nacheka.
Kifungu cha tatu. Hicho bado nakitii.