Mguu wa Humud

Huanzia kidoleni, nadhani,
gumba la kulia, lile lenye kucha iliyokufa
tangu mtungi wa gesi ulipomwangukia.
Kisha goti. Kisha kitanda kizima.
Halafu mimi, niliyekuwa nimeshafika nusu ya usingizi,
narudishwa Ibra kwa teke.

"Nimeanguka," anasema.
Wapi, Humud? Nyumba yetu haina ngazi.
Umelala chali chini ya blanketi la chui,
kiyoyozi kinanguruma,
saa sita za usiku, na ukuta wa nje
bado umeshika moto wa mchana kama mdeni asiyetaka kulipa.
"Kipandio kimoja hakikuwepo,"
anasema, na kabla sijajibu
anakoroma.

Mwaka wa thelathini na moja huu.
Mguu huu umenipiga nina mimba ya Thuraya.
Umenipiga usiku tulipotoka kumzika mama yake,
umenipiga dakika kumi kabla ya daku,
na harusini kwa shemeji nilivaa soksi, joto lile,
kuficha muundi.

Nikampeleka hospitali.
Daktari, Mmalayali mwenye sauti ya chini,
akamgonga goti kwa kinyundo cha mpira
kama mgeni anayebisha hodi kwa haya.
"Hili ni la kila mtu," akasema.
"Mwili haulali wote kwa pamoja.
Kuna kiungo kinachochelewa kupata habari.
Punguza kahawa."

Punguza kahawa! Hapa,
ambapo jirani hukumiminia kwanza
ndipo akakuuliza hali.
Vidonge tuliviacha garini, vikageuka uji.

Lakini lile neno la kahawa halikunitoka.
Alasiri moja, baraza imejaa wanaume,
nimesimama nyuma ya pazia na sahani ya tende,
namwona Humud amemaliza kikombe cha tatu.
Kijana wa dele anainama kumwongeza.
Humud hasemi kitu.
Anatikisa kikombe, kulia, kushoto,
kifundo cha mkono tu:
basi, nimetosheka, Mungu akuzidishie.

Mtikiso ule naujua.
Naujua kwa muundi wangu.

Mchana, Humud ni Kiarabu kitupu.
Kanzu imenyooka, kofia imekaa,
ofisi ya maji nzima inamwita sheikh na si sheikh.
Hata na watoto ni Kiarabu, maana Thuraya
alikuwa akicheka "ng'ombe" ya baba yake.
Kiswahili tumebaki nacho wawili, cha jikoni,
cha bei ya vitunguu na cha kugombana.
Ila akishtuka hivi, mguu ukiruka,
kinamtoka kitu kilichokuwa chini kabisa:
"Mama wee!"
Kwa lafudhi ya Wete,
aliyoihama akiwa na miaka sita
na hajarudi kuitazama.

Thuraya alikuja likizo, akamsikia ukutani.
Akaja mlangoni na simu yake ikimulika.
"Baba kasema nini?"
Nikamwambia, kamwita mama yake.
"Kwa lugha gani?"
Ningemwambia mengi. Nilikuwa na usingizi.
"Ile ya kuangukia," nikasema, "nenda kalale."
Akasimama pale kidogo.
Asubuhi, akimenya chungwa, bila kuniangalia,
akajaribu mara mbili: mama wee, mama wee.
Ya pili ilikaribia.

Na mimi, niliyejiona mtu wa kutulia,
jana usiku niliteleza.
Sijui juu ya nini. Palikuwa na ukingo, kisha hapakuwa.
Mguu wangu ukamkuta mgongoni, barabara,
nikakaa kitako nahema kama niliyekimbizwa,
nikamsubiri aniulize
swali langu la miaka yote, wapi, wapi,
katika nyumba isiyo na ngazi.

Hakuuliza wapi.
Alipapasa gizani mpaka akaupata mguu,
akaushika kwenye kifundo.
"Umeumia?"



Nikatafuta jibu.
Alikuwa ameshalala, mkono haujaachia.