Ndoo Saba

Jiwe la kiwanja changu na kitinda mimba wangu ni marika:
walifika wiki moja, usiku, kwa kelele,
hapa Buhene, mlima ulipotapika.
Sasa mtoto ameota meno. Jiwe limeota ukoga.
Mwalimu Bauma alinipongeza kwa vyote viwili.

Jumamosi tulikaa juu ya bidoni zilizopinduliwa
nyuma ya dispensari ya Munigi,
wanawake kumi na mmoja, na mzee mmoja kiziwi
aliyeandika kila kitu.
"Msiniulize dawa," alisema Bauma.
"Udongo ukiugua, niulizeni ulikula nini."

Kila mtu alete udongo wake, kiganja kimoja,
tia chupani, jaza maji, sukasuka kama maziwa, acha ulale.
Asubuhi chupa za wenzangu zilikuwa na ngazi:
mchanga, tope laini, mfinyanzi,
na juu kabisa vipande vya majani vikielea.
Yangu: mchanga mweusi hadi shingoni
na maji unayoweza kumnywesha mgeni.
"Mama Kasoki," wakasema, "umetuletea chumvi ya Nyiragongo."
Nilicheka nao.
Njiani nilinyamaza.

Miaka miwili nimeomba takataka kama anayeomba mchumba.
Maganda ya ndizi ya soko la Virunga,
Mumbere akiyapandisha kwa chukudu kwa bei ya makala
("Uzito hauna dini, mama").
Maganda ya mayai ya hoteli.
Mavi ya dende wangu wanne
wanaoishi chini ya kitanda na kupiga filimbi usiku kucha.
Jivu, lakini kidogo;
jivu, alisema Bauma, ni kama ukali wa baba.
Chomeka fimbo katikati ya lundo, ichomoe, iguse kwa shavu.
Ikiwa baridi, lundo linakufa njaa.
Ikikuchoma, geuza, mwagia maji, usikimbie.

Shimo moja la jiwe likajaa, kina cha goti.
Nikachimba kwa kijiko, nikakuta nyungunyungu,
mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea.
Sikumwambia mtu. Ungesema nini? Kwamba una mgeni?

Kisha asubuhi moja shimo lilikuwa tupu,
limekwanguliwa kama sufuria ya ubwabwa.
Ndoo saba. Najua, nilizipima mimi.
Lakini lengalenga zangu zililazwa kando, safu kwa safu,
mizizi imefunikwa gunia lililoloweshwa.
Mwizi mwenye adabu ananitia hofu kuliko mwizi.

Udongo mweusi juu ya jiwe jeusi hauachi nyayo.
Maganda ya mayai yanaacha.
Nikayafuata, cheupe, cheupe, cheupe,
nikipanga matusi kwa Kinande, ndiko ninakotukana vizuri,
hadi uani kwa Kanyere, aliyehamia juzi na watoto watano
kutoka huko ambako hakuulizwa kama anataka kuondoka.

Alikuwa amechuchumaa.
Alikuwa amenyunyiza mbolea nyeupe ya dukani,
kopo zima, juu ya ndoo saba za miaka yangu miwili,
na maharage yake yamekauka ncha, kama karatasi iliyokaribia moto.
"Nilitaka yawahi," alisema.
Hakusema samahani. Aliniangalia mikono, si uso.

Matusi yalikuwapo, yamepangwa vizuri.
Nikasikia mdomo wangu ukisema kitu kingine:
"Umeiba udongo ukaacha somo. Huo ni wizi wa nusu.
Jumamosi, saa mbili. Uje na chupa."

Alikuja. Alichelewa, lakini alikuja,
akakaa karibu na mzee kiziwi, akachungulia daftari lake.

Deni ni deni, tulilihesabu: ndoo saba.
Mwaka umepita, amesharudisha tatu.
Ya nne aliileta jana, kichwani, akatabasamu kama mwenye harusi.
Niliingiza mkono hadi kiwiko, nikanusa,
nikamtwika tena.
"Bado mbichi, Kanyere.
Rudi ukaigeuze."