Kosa la Chapa

Utenzi ule niliujua kwa vidole kabla ya kuujua kwa moyo:
beti mia mbili na kumi na nne, herufi moja moja za risasi,
risasi isiyoua mtu, ila huacha weusi chini ya kucha
ambao sabuni ya Jumamosi haiutoi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Viljandi, theluji madirishani,
nami naupanga kinyumenyume, kama mtu
asomaye barua ya jirani kwenye kioo.

Nani kwetu hakukaririshwa?
Hindrek anavusha kengele juu ya barafu ya Ziwa Peipus,
gari lisilo magurudumu, farasi jike mzee,
na ng'ambo kijiji kizima kimeuza ng'ombe kuilipia.
Bibi yangu aliughani akimenya viazi,
kisu kikifuata vina.
Alipenda zile beti thelathini za kubishania bei ya kamba,
zile ambazo kila mwanafunzi huziruka.
Mimi nilizipanga zote, nikamwelewa:
usipojua kamba ilinunuliwaje,
utajuaje kisu kimekata nini?

Kisha barafu inapasuka. Achague: farasi au shaba.

    Kamba akaikatiza,
    farasi akamsaza,
    shaba ikashika giza
    na ziwani ikafia.

Ikafia. Ndivyo alivyoandika marehemu.
Mimi, saa kumi na moja jioni, taa inafifia,
vidole vimekufa ganzi,
kijumba cha F kimepakana na kijumba cha L,
nikapanga: ikalia.
Nakala elfu sita.
Bwana Eerik, msahihishaji, alikuwa na mafua wiki ile.
Hakuna aliyeuliza. Nami nikanyamaza
miaka hamsini na minane.

Jana Helve wa ghorofa ya pili akanipa tiketi.
Kaidi, binti wa fundi bomba wetu, ameutia utenzi muziki:
kwaya, selo, klarineti.
Nilikwenda na kinyongo. Nilisikia amezikata beti za kamba.
Amezikata kweli. Waimbaji wakafunga midomo,
selo ikataja bei,
klarineti ikacheka, ikashusha nusu,
selo ikanuna, ikaondoka, ikaitwa,
ikarudi polepole kama isiyotaka.
Sikusikia neno hata moja, nikasikia kila ubeti,
na harufu ya maganda ya viazi.

Kisha kisu. Hakuna sauti.
Nilihesabu pumzi saba kanisa zima.
Besi wakaanza, chini kabisa: na ziwani...
Mwili ukanifa ganzi kama vidole vile.

Ikalia, wakaimba. Ikalia.
Nyuma, karibu na mlango, mvulana akagonga
kengele ndogo, mara moja.
Mzee mwenye koti la misitu akavua miwani, akaikunja,
akaikunjua, asijue aiweke wapi.
Mara nne waliliimba kosa langu,
sauti za juu zikipanda juu ya ile L,
L yangu, niliyoiokota gizani kwa baridi.

Nilimfuata Kaidi penye makoti. Nilitaka kusema.
Akanishika mikono, yake bado ina moto:
"Bi Salme, ni neno lile moja lililonifanya nitunge.
Kengele imezama, na yeye akaandika kuwa ililia!
Ni nani angethubutu?"

Nikamjibu kwamba besi wa pili, yule mrefu, alichelewa
mwanzoni mwa sehemu ya tatu.
Akacheka. Akasema atamwambia.

Nyumbani sikuwasha taa ya sebuleni.
Nikashusha mkebe wa vifungo, nikapekua kwa kidole
mpaka nikaigusa, baridi, nzito kuliko ukubwa wake:
F niliyoiiba kiwandani siku nilipogundua,
kama mtu afichaye shahidi.
Mate kidogo. Nikaikandamiza nyuma ya tiketi.
Bado ina wino.
Imetoka hafifu, imeinama kidogo,
lakini inasomeka.