Kikombe cha Bi Shinuna

Thuraya ameniandikia kutoka Suhar:
Mamdogo, nayataka yale maandazi ya kwako,
lakini nipe kwa gramu. Vikombe vyenu sivielewi,
kila nyumba ina chake.

Ana haki. Nimefungua kabati, hapa Ibra, nikavitazama:
cha kahawa, kidogo kama ganda la yai;
cha chai, chenye sikio la dhahabu iliyofutika;
cha plastiki, kilichokuja bure na sabuni ya kufulia;
na kile cha bati, cheupe, kilichobanduka rangi mdomoni,
ambacho mama mkwe hataki kinywewe hata maji.

Hicho ndicho kikombe.
Maandazi ya nyumba hii ni vitatu vya hicho, basi,
na sukari kwa kadiri,
na kadiri haina namba.

Mizani nimeinunua jana, nyembamba kama sahani,
riali tatu na baisa mia tisa.
Nikaiweka mezani, nikaiwasha, ikasema sifuri.
Hakuna kitu jikoni kwangu kilichowahi kusema sifuri.

Nikachota. Mia na arubaini na mbili.
Nikamwaga, nikachota tena: mia na hamsini na saba.
Mara ya tatu nikashindilia kidogo, kwa hasira:
mia na sabini na moja.
Kikombe kile kile, unga ule ule,
mfuko mmoja, mkono mmoja, asubuhi moja.
Nikaanza kuishuku meza.

Bi Shinuna akasimama mlangoni.
"Unapima nini?"
"Unga."
"Unga! Kama bangili za Matrah?
Unamuuzia nani?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akatafuta kiti.
Kwao Ng'ambo, anasema, dukani palikuwa na pishi na kibaba,
na mwenye duka alijua kumimina kutoka juu
ili unga ushuke umejaa hewa,
na mama yake alijua kukigonga kibaba kwenye meza ya duka,
mara moja tu, kama mtu aliyejikwaa,
unga ukazama kidole kizima.
Ugomvi wao wa miaka yote ulikuwa hapo,
ndani ya kidole hicho.

"Basi chota wewe," nikamwambia.
Akachota huku akinitazama mimi,
akagonga mara mbili,
akapitisha ukingo wa kiganja juu ya mdomo wa bati,
fyu, kama anayefunga bahasha.
Mia na hamsini na tatu.
Nikamwaga. Akachota. Mia na hamsini na tatu.
Mara ya tatu, na nne.
Akasema nimempumulia.

Nikamtumia Thuraya: mia nne na sitini,
na nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Kesho yake ikaja picha:
maandazi sita yamelala bapa,
yamekunywa mafuta kama soksi.
Nilipima sawasawa, Mamdogo. Wallahi nilipima.

Nikakaa nayo picha ile.
Kisha nikakumbuka kuta za kwao mwezi wa nane,
chumvi inavyogoma kutoka kwenye kichupa,
shuka zinavyokataa kukauka.
Huku kwetu unga ni mkavu, una kiu, unadai.
Kwao umeshakunywa bahari
kabla mtu hajaukata mfuko,
na gramu za maji yale
zimehesabiwa pamoja na unga,
kimya kimya, kama mgeni asiyealikwa
aliyeingia na msafara wa bwana harusi.

Hili mizani haikuniambia.
Wala Bi Shinuna; yeye hajawahi kupika Suhar.

Nikaandika: punguza tui, vijiko viwili.
Akajibu hapo hapo:
kijiko gani?

Nimevuta droo. Vimo kumi na moja, hakuna ndugu wawili.
Nyuma yangu Bi Shinuna anakanda ya leo,
amechoka, ameegemeza mkono mweupe juu ya meza
bila kuangalia kilichopo chini yake,
na namba zinapanda, zinashuka, zinapanda,
hazina pa kutua.