Lumbesa

Magari mawili yaliegeshwa Sae, kwenye yadi ya changarawe,
moja jeusi, jingine rangi ya maziwa yaliyoganda.
Dalali Ambwene aliipiga kofi boneti ya lile jeusi
kama mtu anayemsifu ng'ombe wa mahari.
"Renji hii, mama, ilikuwa ya mkurugenzi."
Na ile Prado?
"Ya misheni."
Hakuongeza neno.

Nilikuja na fundi wangu, Gwakisa,
aliyenitunzia Fuso miaka kumi na minne,
mtu asiyeamini kitu chochote kinachong'aa.
Alilala chini ya Renji, akaibuka na tone la oili kidoleni,
akalinusa, akanionyesha, akajifuta kwenye suruali.
"Springi zake ni za upepo," akasema.
"Asubuhi ya baridi ya Julai utaikuta uani imepiga magoti,
inasali, na wewe una mzigo unakusubiri."
Na speya?
"Speya zipo. Dubai."

Tukaiendesha hata hivyo.
Uyole, tukakata kulia, Igawilo, tukaanza kupanda.

Lo!
Mimi niliyeivuka Uporoto juu ya magunia,
kanga kichwani, meno yakigongana,
nikizihesabu kona kwa uti wa mgongo,
leo nimeshika usukani wenye joto lake wenyewe.
Kona zilikunjuka mbele yangu
kama kitambaa juu ya meza ya mwenye duka.
Ukungu wa Isongole ulinipisha kwa adabu.
Nikacheka, peke yangu, kwa sauti,
na Gwakisa, kiti cha pembeni, akageukia dirisha
kama mtu aliyefumania.

Tuliporudi nikajaribu Prado.
Ilipanda. Ilishuka.
Ilikuwa kama shemeji mwema:
anafika saa aliyosema, anakula alichopewa,
akiondoka hukumbuki alizungumza nini.
Kilomita laki mbili na elfu arobaini,
na injini inarudia neno lile lile bila kuchoka.

Usiku nilipiga hesabu kwa lugha ninayoijua, ya magunia.
Gia boksi ya Renji: magunia mia moja na themanini.
Springi moja: arobaini. Na springi ni nne.
Mbolea ya Novemba haingoji.
Ada ya Tusekile haingoji.
Lakini kile kicheko, je, nakipima kwa debe gani?

Ndiyo lumbesa, niliwaza:
kile kichuguu juu ya mdomo wa gunia,
kilichofumwa kwa kamba, kisichoandikwa kwenye karatasi,
ambacho kila mnunuzi hukidai na kukiita nyongeza.
Nami nililima kabla sijawa mnunuzi.
Lumbesa haijawahi kuwa bure.
Kuna mtu shambani, mgongo umepinda,
aliyeijaza kiazi kwa kiazi.

Nikanunua Prado.

Renji akaichukua daktari wa meno wa Soweto.
Majuzi alinipita kwenye mpando, usiku, mvua inanyesha,
bila kishindo, taa zake nyekundu zikazama ukunguni
nami bado niko gia ya pili.

Mwaka wa pili huu. Kila nikipita njia ile
macho yananitoroka, yanakwenda pembeni kutafuta
boneti iliyofunguliwa,
matawi ya miti yaliyotandazwa lami kuonya wanaokuja,
bwana mwenye suti ameinua simu juu, anawinda mtandao.
Sijamwona. Hata siku moja.

Gwakisa huniuliza, "Prado inasemaje, mama?"
"Haisemi kitu," namjibu,
naye hutabasamu,
akidhani ni sifa.