Hesabu ya Saa Tisa Usiku

Arvaikheer. Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Gombosuren kapigwa teke na farasi wake mwenyewe,
kaja akitembea. Anaomba chai ya chumvi,
anauliza nani kamfunga farasi.

Daktari kijana anatazama presha: mia na nane.
"Njema," asema, na kalamu yake yakubali.

Mimi sina mashine ya kuona ndani ya mtu.
Nina vidole viwili na saa ya marehemu mama,
mshale wake wa sekunde hukwama kidogo penye saba.
Nahesabu. Narudia, maana mkono wake ni baridi
na nje pia ni baridi,
na baridi ni shahidi wa uongo.

Mia na ishirini na sita.

Nyuma ya kadi ya dawa naandika
mapigo juu, presha chini, mstari katikati,
hesabu ya darasa la tano.
Kwa mtu mzima aliyetulia jibu ni nusu na kidogo.
Huyu amepita moja.

Moyo unakimbia ili presha isimame:
mwenye nyumba anakopa kwa jirani
apate kumkirimu mgeni,
mgeni asijue ghala ni tupu.

"Dulmaa, kapumzike," daktari asema.
Namwonyesha kadi.
Anasoma. Anabonyeza tumbo, kushoto, chini ya mbavu,
na mzee, aliyekuwa akicheka,
anaacha.

Wengu.

Tunakimbiza kitanda, magurudumu yanalia.
Chai imebaki dirishani, inashika utando.
Farasi, sijui nani alimfunga.