Chupi Mbili za Baba

Mwezi wa Machi tulipomzika Ostap Drobot
ardhi ya Saskachewani ilikuwa bado chuma.
Koleo lilipoigusa ililia ngaa!
Tukaazima mashine ya kupasulia lami
ndipo baba akapata pa kulala.

Shamba tulikuwa tumeligawa zamani,
mwaka alioanza kupooza mkono:
Nestor magharibi mwa waya, mimi mashariki.
Yeye alirithi plau, haro, na ile trekta
ambayo baba aliipangusa uso
mara nyingi kuliko alivyotupangusa sisi.
Mimi nilirithi ukaidi.

Miaka kumi na mmoja sijaigeuza ardhi.
Kwake, mistari myeusi imenyooka kama mwandiko wa mtawa.
Kwangu, mabua ya mwaka juzi, klova,
dengu zikichungulia katikati:
kichwa kisichojua chanuo.
Pale duka la mbolea waliniita Bibi Uvivu.
Nikanunua misumari yangu, nikaondoka.

Ndani ya droo tulikuta chupi mbili,
pamba tupu, zingali kwenye karatasi yake.
Aliziweka akiba ya hospitali;
hospitali haikuwahi.
Nani avae? Nani atupe?
Zenia, binti wa Nestor, miaka kumi na mitatu,
akasema kama mwalimu aliyechoka:
“Zizikeni. Moja huku, moja kule.
Tuone udongo wa nani una njaa.”

Maana chini ya ngano kuna mji unaokula.
Sijui kuueleza kwa namba, naujua kwa vidole:
udongo wangu humegeka kama mkate wa shayiri,
vibonge vyenye vishimo,
na humo hewa na maji hupishana
kama wapangaji waliozoeana.
Nyuzi za kuvu zimeshona punje kwa punje,
bakteria wametia gundi,
nyungunyungu kapita, mlango kauacha wazi.

Sasa leta plau.
Ni kufumua sweta kila Mei
kisha kuilalamikia baridi.
Mji unabaki vumbi,
mvua ya kwanza inalipiga kofi, linaganda ukoko,
na chini zaidi magurudumu yamesakafia:
mzizi ukifika hapo
unakunja goti, unaenda upande.

Tulizika Mei, kina cha kiganja.
Julai tukafukua.

Ya Nestor ilitoka nzima.
Mshono wote, kitambulisho kinasomeka, madoa kidogo tu;
ungeifua ungeivaa kwenda kanisani.
Nestor akacheka: “Imara! Kitu cha baba!”
Tukavuka waya.

Kwangu nilivuta, nikavuta,
ukaja mpira wa kiunoni
na nyuzi tatu za mshono,
na nyungunyungu mmoja akining'inia
pale ulipokuwa mguu wa kushoto.
Basi.

Hakuna aliyecheka.
Zenia aliinusa ile ardhi, akasema inanukia mvua,
na mvua hatukuwa tumeiona wiki tatu.
Nestor akazamisha mkono wake mpaka saa ikapotea.
Kisha akarudi kwake, peke yake,
akalipiga koleo kwa nguvu zote.

Ngaa!

Julai ile, jua la saa saba,
sote tuliijua sauti hiyo tulikoisikia.

Wasemao husema udongo uuwahi ungali maji.
Mimi nasema uuwahi ungali na pumzi;
lakini siku ile sikusema.

Vuli ilipofika alilima tena.
Mistari yake ileile, moshi uleule.
Ila kando ya waya ameacha ukanda,
upana wa trekta mbili, na mabua yake juu,
akidai dizeli ilimwishia.
Sikubishana.

Na ile chupi nzima kaifua,
kaitundika ghalani kwenye msumari wa baba,
pale ulipokuwa ukikaa ufunguo wa trekta.
Ufunguo sijui kauweka wapi.